Msimu Ambao Deo Hakuumaliza

Tangu nirudi Tabora, kila anayepita nyumbani ananiuliza jambo moja: mlishinda? Nikisema hapana, anatikisa kichwa na kuanza habari nyingine. Nikisema ndiyo, anataka kuona kikombe. Nimeona heri niandike yote mara moja. Wenye haraka waishie hapa, wenye nafasi waendelee.

Habari za vibali na barua za mkoa naziacha. Mnajua kuwa nilimaliza chuo mwaka ambao serikali iliacha kutuajiri, na kwamba nilikuwa nakaa kwa dada yangu Morogoro nikingoja majibu ya kazi ambayo sidhani kama kuna mtu alikuwa anayaandika. Timu ya mkoa ya mbio za baiskeli za milimani ilitafuta katibu anayejua Kiingereza kwa ajili ya wafadhili kutoka nje. Wafadhili hawakutokea. Nikabaki katibu, mimi ambaye hata mtaro siwezi kuuvuka nikiwa juu ya baiskeli.

Msamvu

Basi la Gairo lilikuwa liondoke asubuhi. Pale stendi ya Msamvu neno asubuhi lina upana wake. Utingo alitazama baiskeli zetu nne, akatazama juu ya basi lake palipojaa magodoro, akasema baiskeli hazipandi. Kocha Salumu akasema zinapanda. Wakabishana taratibu, kama watu wenye siku nzima ya kufanya hivyo, na kweli walikuwa nayo.

Kocha Salumu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha umma mpaka kilipouzwa. Mwenye mali mpya alipunguza watu, naye akapunguzwa. Bado alivaa ovaroli ya kazi, safi, imepigwa pasi, na alipozungumza na vijana alizungumza kama msimamizi wa zamu. Baiskeli zilikuwa za Bwana Firoz, mwenye duka la vipuri mjini, ambaye babu yake alifungua duka lile wakati wa Wajerumani. Zilimjia kwenye kontena la mitumba pamoja na majokofu mabovu. Alitupa tuzitumie msimu mzima, sharti lake moja tu: fulana zetu ziwe na jina la duka lake, mbele na nyuma.

Waendeshaji walikuwa wanne. Wawili walikuwa ndugu wa Kilosa, wapole, ambao walirudi kwao mapema na hamtawasikia tena humu. Wa tatu alikuwa Idi, kijana wa mjini, mdomo mrefu kuliko miguu. Wa nne ni Deo.

Deo alikuwa amekaa juu ya gurudumu akila mhogo wa kuchoma. Ni Mluguru wa juu ya Matombo, mrefu, mkimya, miguu kama kamba za katani. Tangu utotoni alikuwa akishusha mikungu ya ndizi kutoka kwao kwa baiskeli isiyo na breki, akizuia gurudumu la nyuma kwa kisigino cha ndala ya tairi. Kocha alimwona siku moja akiingia sokoni hivyo, mikungu sita nyuma, akamfuata mpaka aliposhusha mzigo.

Mashindano ya msimu yalikuwa matatu: Gairo, Kisaki, na ya mwisho Morogoro mjini. Mwenye alama nyingi baada ya yote matatu angeitwa Dar es Salaam kwenye kambi ya timu ya taifa. Kila mtu katika mkoa alisema mtu huyo ni Deo. Nikamuuliza mbona hana furaha.

"Nina shamba," akasema.

"Shamba linazuia furaha?"

"La marehemu mama. Kwetu, Dada Kalunde, ardhi inakwenda kwa upande wa mama. Baba ni mtu wa kuja. Mama alipofariki, baba akarudi kwao ng'ambo ya bonde, na shamba likarudi mkononi mwa mjomba. Mjomba akanipa mimi. Ila kwa sharti."

"Sharti gani?"

"Mvua ya kwanza ya vuli isilikute na majani. Likikutwa na majani, anampa mtoto mwingine wa ukoo. Nimekwishalifyeka nusu."

"Na mvua ya kwanza inanyesha lini?"

Akacheka. "Wewe ndiye uliyesoma."

Chuoni niliwahi kujibu swali la mtihani kuhusu koo za upande wa mama. Nilijibu vizuri sana. Sikumbuki kama kulikuwa na mvua katika jibu langu.

Baiskeli zilipanda. Tuliondoka jua likiwa kichwani.

Gairo

Gairo upepo haukuulizi umevaa nini. Tulishuka tukiwa weupe kwa vumbi, na kabla hatujapata maji mzee mmoja wa umri wa babu alitusimamia mbele, fimbo mkononi, akisoma fulana zetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chama gani hiki?"

"Siyo chama, mzee. Ni timu ya baiskeli."

"Hata wale wa juzi walisema siyo chama. Wao walitoa chumvi. Nyie mnatoa nini?"

"Jasho tu, babu," akasema Idi.

"Basi kura yangu hamna."

Watu walicheka, lakini nusu yao waliendelea kuamini kuwa sisi ni chama, na jioni mama mmoja alikuja na mwanawe kuuliza kadi zinatolewa wapi. Sikuweza kumlaumu. Mwaka huu kila anayeshuka kwenye gari na fulana yenye maandishi anaomba kitu.

Mbio zilikuwa zianze Jumamosi, lakini Jumamosi ni siku ya mnada, na njia ya mbio ilipita katikati ya mnada. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo isipokuwa wenye mahindi, ambao walikataa kuhamisha magunia. Tukangoja Jumapili. Jumapili kukawa na ibada. Tukangoja ibada iishe. Mama ntilie aliyetulisha ugali na mlenda kwa siku zote hizo aliniambia kuwa amefurahi sana kutupata, maana wachezaji wanaokuja kushindana huwa wanashindana wakaondoka.

Deo alikuwa wa pili. Gairo hakuna mlima anaoujua. Ni miinuko ya mchanga katikati ya mashamba ya karanga, na upepo wa usoni. Kwenye mteremko wa mwisho alikuwa mbele. Nilimwona mguu wake wa kulia ukitoka kwenye pedeli na kurudi nyuma kutafuta tairi, ukiwa umevaa kiatu kipya kinachoteleza. Baiskeli ikayumba, kijana wa Dodoma akampita.

"Breki unazo mkononi!" Kocha alimfokea baadaye. "Mbili!"

"Najua, kocha. Mguu ndio haujui."

Idi alianguka kwenye karanga na mwenye shamba akamfukuza kwa jembe. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya Gairo ambayo vijana wetu walipenda kuisimulia.

Njia ya Kisaki

Kutoka Morogoro kwenda Kisaki tulipanda lori la mfanyabiashara wa mpunga. Njia inazunguka milima kwa upande wa mashariki, inapita Matombo, inashuka Mvuha, kisha inapotelea kwenye joto. Tulikaa juu ya magunia matupu. Hapo ndipo Deo alipogundua kabila langu.

"Mnyamwezi? Yaani siku zote hizi nakuita dada, kumbe ni mtani!"

"Nilikuwa nakuhurumia."

"Babu zenu walipita hapa chini na mizigo ya Waarabu, wakatumalizia mihogo. Mpaka leo hamjarudisha."

"Babu zenu walikuwa wamejificha kileleni wakichungulia. Mihogo tuliikuta haina wenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka kwa meno yote. Idi akaingilia kutaka kujua watani wa Mzaramo ni akina nani, akaambiwa watani wa Mzaramo ni wote wenye akili. Kwa muda wa saa nzima lori lile lilikuwa mahali pazuri kuwapo. Naliandika hili kwa sababu halikujirudia.

Tulipofika Matombo lori lilisimama kupoza injini. Deo alisimama juu ya magunia akatazama mlimani. Kwao kulionekana: juu ya misheni, juu ya migomba, pale ambapo ukungu unaanzia. Wingu lilikuwa limekaa begani mwa mlima.

"Kocha, niache hapa siku mbili tu. Nimalize kufyeka, nitashuka kwa miguu mpaka Kisaki."

"Mashindano ni kesho kutwa."

"Nitafika."

"Utafika ukiwa maiti, halafu utashindana na nani? Deo, sikiliza. Nimekaa kiwandani miaka yangu yote nikisubiri kitu kimoja kiishe ndipo nianze kingine. Kilichoisha ni kiwanda. Shinda kwanza. Shamba lipo."

Deo akakaa. Nilitaka kumuuliza kocha kama ana hakika kwamba shamba lipo, lakini injini ilikuwa imeshapoa.

Kisaki

Mbio za Kisaki hazikuanza kesho kutwa. Zilimsubiri mgeni rasmi.

Mgeni rasmi alikuwa aje kwa treni. Siku ya kwanza tulikwenda stesheni sote, pamoja na kwaya, pamoja na wanafunzi wenye matawi. Treni ilikuja kwa wakati wake. Walishuka abiria, wakashuka kuku, mgeni rasmi hakushuka. Siku ya pili tulikwenda tena. Nikamuuliza mwenyekiti wa kamati kwa nini mbio za baiskeli haziwezi kuanza bila mtu asiyeendesha baiskeli. Alinitazama kwa huruma.

"Binti, nani atapeperusha bendera?"

"Wewe."

"Mimi? Nitapeperusha, halafu yeye akifika nimwambie nini?"

Hakuna nilichosoma kinachojibu swali hilo. Tulikaa. Mchana mbung'o walitutafuna, jioni tulikula wali wa Kisaki na kambale, wali mtamu kuliko wote niliowahi kula, na ilikuwa vigumu kuufurahia kwa sababu ya Deo. Kila jua lilipoelekea kuzama alikwenda kusimama nyuma ya nyumba tuliyofikia na kutazama kaskazini. Kutoka kule milima ya Uluguru ni mstari tu wa bluu. Jioni moja mstari ule haukuwapo. Palikuwa na ukuta mweusi, na ndani yake radi zisizosikika.

"Imeanza?" nikamuuliza.

"Imeanza."

Siku iliyofuata lilifika lori jingine kutoka juu, na ndani yake mama mmoja wa Matombo aliyekuja kununua mpunga. Alimtambua Deo mara moja, akamwita mwanangu, akampa habari za nyumbani moja baada ya nyingine, nani kajifungua, nani kaugua. Mwishoni akasema, kwa furaha kabisa:

"Na baba yako, Mungu ambariki, amekuwa kijana! Yuko kwenye shamba la marehemu. Amelimaliza lote kulifyeka. Nilipoondoka alikuwa anapanda migomba."

Deo alikuwa anakula. Aliweka sahani chini.

"Migomba ameitoa wapi?"

"Kwake. Ameivusha bonde mwenyewe, kichwani."

Mimi nilifurahi. Nikamwambia hongera, baba anakulimia, sasa mvua inyeshe inavyotaka. Mama yule naye akawa ametambua kitu, akaanza kufunga kanga upya bila sababu. Deo alinieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Angelima tu, alisema, pangekuwa na maneno, yangeisha. Angepanda mahindi, mahindi yanavunwa na kwisha. Mgomba hauishi. Unazaa, na watoto wake wanazaa, na mwenye mgomba ndiye mwenye chini yake. Na hii siyo migomba ya shambani kwa mama. Ni ya ukoo wa baba. Mtu wa kuja ameleta migomba ya kwao akaisimika katika ardhi ya watu.

"Lakini ni kwa ajili yako."

"Mimi najua."

"Mjomba wako hajui?"

"Anajua. Ndiyo maana itakuwa vibaya."

Alimwendea kocha, akaomba kuondoka siku ileile. Kocha akamwambia kanuni: asiyeshindana Kisaki anafutiwa hata alama za Gairo. Deo akabaki. Sijui kama hilo lilikuwa kosa. Nimelifikiria sana na kila mara napata jibu tofauti.

Mgeni rasmi hakuja kabisa. Mwenyekiti alipeperusha bendera, uso umemjaa jasho. Mvua ilikuwa imeshashuka mpaka bondeni, njia yote ilikuwa tope jeusi linaloshika magurudumu kama mikono. Wengi walibeba baiskeli mabegani. Deo aliendesha. Alishinda kwa umbali mkubwa kiasi kwamba wapiga ngoma walikuwa bado wanakula alipofika. Hakuinua mkono. Alipita mstari, akaenda moja kwa moja mpaka penye lori, akafunga baiskeli yake kwa kamba, akakaa.

"Mabingwa huwa wanatabasamu, bwana," Idi akamwambia.

"Tunaondoka lini?" Deo akauliza.

Juu ya misheni

Mashindano ya mwisho yalikuwa Jumapili. Tulifika Matombo Alhamisi, baada ya lori kukwama mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia bila kulia. Idi alibaki na mizigo. Kocha, Deo na mimi tulipanda kwa miguu. Kocha alisema tutazungumza na mjomba, tutasalimia, tutashuka kabla ya jua kuzama. Deo alitangulia akisukuma baiskeli yake. Njia ilikuwa mfereji wa maji mekundu, na wanawake wenye mizigo ya magimbi kichwani walitupita wakitusalimu bila kuhema.

Mjomba Kobelo alikuwa katekista. Nilikuwa nimemchora kichwani mwangu mtu mkali. Nikamkuta mzee mdogo mwenye sauti ya chini aliyetukaribisha kwa mikono miwili. Tulipewa viti, tukapewa ndizi za kupika na maharage, na hakuna aliyetaja shamba mpaka vyombo vilipoondolewa. Watu wa ukoo walikuwa wamejaa ukumbini na kwenye baraza. Mzee Banzi, baba yake Deo, alikaa nje ya mlango, kwenye ukingo wa ukuta, kofia magotini. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyempa kiti.

Mjomba alizungumza kwa utaratibu. Alisema shemeji yake ni mtu mwema na hajawahi kuiba hata ndizi. Alisema anajua moyo uliomtuma.

"Lakini nyie mlioko mjini mnaona mambo yanavyokwenda," akasema, akimtazama kocha. "Siku hizi wanakuja watu hapa na kamba za kupimia. Hawaulizi hili ni la ukoo gani. Wanauliza, nani amepanda hii? Wakiambiwa Banzi, wanaandika Banzi. Mwaka huu nikinyamaza kwa mapenzi, mwakani wapwa wa Banzi watakuja kuniambia hii ni migomba ya mjomba wao. Nitawaambia nini?"

"Umenena, mzee," akasema kocha, ambaye kiwanda chake kiliuzwa hivyohivyo, kwa karatasi.

Hapo nikasimama. Naomba mnielewe: sikuwa natania. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikasema kwamba Deo amekosekana kwa sababu ya kazi ya mkoa mzima, kwamba sharti lilikuwa majani na majani hayapo, kwamba kumwadhibu mtoto kwa sababu baba yake anampenda ni jambo ambalo hakuna ukoo duniani unapaswa kujivunia. Nilikuwa sijamaliza sentensi ya tatu nikasikia mtu akinong'ona, Mnyamwezi huyu, Deo alisema, na kicheko kikaanzia barazani kikaingia ndani.

"Mtani ameanza!" akasema shangazi mmoja mnene, akipiga makofi. "Babu yake alikula mihogo, yeye anataka na shamba!"

"Sitanii, mama."

"Hata wa jana alisema hatanii!"

"Mpeni jembe, tuone kama Wanyamwezi wanalima au wanabeba tu!"

Mtu akaniletea jembe kweli, akanishikisha. Mjomba Kobelo mwenyewe alikuwa akifuta machozi ya kicheko. Kila nilichosema baada ya hapo kiliongeza furaha. Angesema mtu mwingine yeyote, angekasirikiwa, na mtu anayekasirikiwa angalau amesikika. Mimi nilishukuriwa. Waliniambia nimeupoza mkutano. Nilimtazama Deo, yeye peke yake hakucheka, yeye na yule aliyekaa ukingoni mwa ukuta.

Kicheko kilipotulia mjomba akatoa uamuzi, kwa sauti ileile ya upole. Shamba litabaki kwa Deo. Lakini migomba ing'olewe, yote, na aing'oe Deo mwenyewe, mchana, watu wakiona, ili mkono wa mtoto wa ukoo useme ardhi ni ya nani. Kisha apande chake, na asishuke mlimani mpaka kilichopandwa kiwe kimeshika.

"Jumapili ana mashindano," kocha akasema. "Mzee wangu, nakuomba. Huyu akimaliza Jumapili anakwenda Dar es Salaam."

"Aende. Simfungi. Shamba nitampa mwenzake."

Sasa hapakuwa na cha kujadili, na watu wote wakamtazama Deo. Alikuwa ameinama akiangalia mikono yake. Kocha alimshika bega, akamwambia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti isiyo ya zamu wala ya kiwanda: "Mwanangu, nafasi kama hii haiji kwetu." Deo akaitikia kwa kichwa, kama anakubali. Akauliza jembe liko wapi. Lilikuwa mikononi mwangu.

Shamba liko nyuma ya nyumba, kwenye mteremko, na kijito upande wa chini. Kaburi la mama yake liko pembeni, limesakafiwa. Machipukizi ya migomba yalikuwa yamesimama kwa safu nzuri, kila moja limewekewa majani makavu shinani yazuie maji. Mzee Banzi alikuwa amefuata kwa nyuma. Nikamwendea, nikamuuliza kwa nini migomba, kwa nini asipande hata mahindi.

"Mahindi yanataka mtu," akasema. "Palizi, nyani, ndege. Yule kijana yuko na baiskeli. Nikaona nimpandie kitu kisichomdai."

Deo alianza safu ya juu. Hakukata kwa hasira. Alizunguka kila chipukizi kwa jembe, akalilegeza, akalinyanyua na udongo wake, akaliweka kando. La tatu au la nne, baba yake aliinama kutaka kumsaidia. Mjomba akasema, bila ukali, "Siyo wewe, shemeji." Mzee akarudi nyuma. Watu walisimama ukingoni. Hakuna aliyekuwa anacheka tena, na shangazi yule mnene alikuwa amejifunika kanga mdomoni. Nilitaka Deo atupe jembe. Nilitaka aseme neno moja kubwa, apande baiskeli, ashuke. Aliendelea mpaka safu ya mwisho.

Kisha Mzee Banzi akakusanya machipukizi yake. Aliyafunga kwa kamba za mgomba mafungu mawili, akajitwisha la kwanza. Deo akashika la pili amsaidie kuvusha bonde.

"Acha," baba yake akamwambia. "Una kazi ya kupanda. Nitalirudia."

Alilivuka bonde mara mbili. Mara ya pili mvua ilikuwa inanyesha, hatukumwona alipofika.

Kushuka

Tulishuka wawili. Kocha alibeba baiskeli ya Deo begani mpaka barabarani, akakataa nimsaidie. Idi alituona tukitokea, akahesabu vichwa, akaja kuipokea baiskeli begani mwa kocha.

Mashindano ya Jumapili yalifanyika. Idi alikuwa wa sita. Bendi ilipiga, mgeni rasmi mwingine alikuja kwa wakati, na Bwana Firoz alisimama dukani kwake akitazama waendeshaji wakipita, akaniuliza yuko wapi yule mrefu. Nikamwambia. Akasema baba yake naye alikuwa na duka Kilosa kabla ya maduka kutaifishwa, akaishia kupima misumari kwenye duka la mtu mwingine. Aliyeitwa Dar es Salaam ni kijana wa Dodoma.

Kabla sijapanda treni ya kuja huku nilimwona Deo mara moja, sokoni. Alikuwa ameleta maharage ya mtu. Mahindi yake yameshika, alisema, mjomba ameridhika. Alikuwa amekonda. Nilikuwa na maswali mengi kuhusu ukoo na ardhi na haki, maswali mazuri, lakini nililouliza ni kama baba yake amekasirika.

"Hapana. Hajakasirika."

"Anasemaje?"

"Hasemi kitu. Nakwenda kwake kila Jumapili baada ya misa."

"Mnazungumza nini?"

Deo alikuwa anafunga magunia matupu nyuma ya baiskeli. Alikaza kamba, akaijaribu kwa mkono, akaikaza tena.

"Nikifika tu," akasema, "ananiletea kiti."